Moyo Wako Unatunza Nini, Unatupa Nini?

Masomo ya kutafakari: 1 Samweli 16:1-13, 1 Wathesalonike 5:19-22, Luka 2:15-20

Mpendwa kijana, leo naomba nianze na kosa langu mwenyewe, maana haipendezi kuwahubiria wenzako habari za dhamiri huku ya kwako umeifunika kawa.

Kwaresima ya mwaka jana, Jumatano moja saa mbili usiku, simu yangu ilikuwa inalia bila kupumzika. Kundi letu la kwaya kwenye WhatsApp lilikuwa limechachamaa: sare za Pasaka ziwe kitenge cha bluu au cha njano? Meseji zaidi ya sitini. Na mimi nilikuwa humohumo, natetea bluu kana kwamba bila bluu Yesu hatafufuka. Katikati ya fujo hiyo ikaingia meseji ya pembeni kutoka kwa kijana wetu mmoja anayeimba besi, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ilikuwa fupi tu: "Shkamoo mwl. Upo?"

Niliiona. Sitaki kukudanganya, niliiona kabisa. Moyoni nikasema, "Huyu anataka kuomba apunguziwe hela ya sare, nitamjibu baadaye." Nikarudi kwenye bluu yangu. Jumapili ndipo nilipokumbuka, nikaandika, "Marahaba, niambie." Tiki moja. Jumatatu, tiki moja. Jumanne nikaenda hadi kwao. Mama yake akanikaribisha kiti, akaniambia, "Mwalimu, kijana wako ameondoka Alhamisi alfajiri na wenzake, wameenda machimboni. Shule ameacha. Ila alisema kabla hajaamua anataka kwanza aongee na wewe. Sijui kama mlionana."

Hatukuonana.

Sasa, mimi ni mwalimu wa fizikia. Wiki hiyohiyo nilikuwa naandaa kipindi cha kidato cha sita kuhusu chembe ndogo kabisa zinazounda vitu vyote, nikawa nasoma jinsi wanasayansi wa CERN wanavyochagua data zao. Nilisoma mpaka nikaweka kalamu chini. Niliona kama wananisema mimi. Naomba unisikilize nikusimulie, hata kama fizikia uliiacha kidato cha pili, halafu tuone Mungu anatufundisha nini hapo.

*Milioni arobaini kwa sekunde*

CERN ni kituo cha utafiti kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na jiji la Geneva. Chini ya ardhi, kina cha kama mita 100, wamechimba handaki la duara lenye urefu wa kilomita 27. Ndani yake kuna mashine inayoitwa LHC. Inakimbiza protoni kwa mwendo unaokaribia kabisa ule wa mwanga, nyingine zikizunguka upande huu, nyingine upande ule, kisha inazikutanisha uso kwa uso. Zikigongana, nishati yake inageuka kuwa chembe nyingine nyingi zinazoruka pande zote. Sehemu ambazo migongano hiyo inatokea kuna vigunduzi vikubwa vinavyorekodi chembe hizo. Viwili vinavyojulikana zaidi ni ATLAS na CMS. CMS peke yake ina uzito wa tani 14,000.

Usidhani hapo ni mahali ambapo Kanisa haliingii. Mwezi Juni 1982, Papa Yohane Paulo wa Pili alikwenda CERN kuwatembelea wanasayansi hao. Imani yetu haiogopi maswali ya kweli.

Protoni husafiri kwa makundi, na kila kundi lina protoni zaidi ya bilioni 100. Makundi hayo hupishana mara milioni 40 kwa sekunde. Yaani kila baada ya nanosekunde 25 kuna mpishano mpya, na katika kila mpishano migongano kadhaa hutokea kwa pamoja. Kabla chembe za mpishano wa kwanza hazijamaliza kutoka ndani ya kigunduzi, mpishano mwingine umeshatokea. Data za mpishano mmoja zina ukubwa wa kama megabaiti moja. Wewe unayejua uchungu wa bando, piga hesabu: megabaiti moja mara milioni 40, kila sekunde, mchana na usiku. Hakuna kompyuta duniani ya kubeba mzigo huo.

Wanafanyaje? Wanachagua. Wana mfumo unaoitwa triga, na kazi yake ni kuamua papo hapo lipi litunzwe, lipi litupwe.

Uamuzi huo una ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni vifaa vya kielektroniki vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Data za kila mpishano husubiri kwenye kumbukumbu ya muda, na vifaa hivyo vina kama sehemu nne za milioni moja ya sekunde kutoa jibu. Ukipepesa jicho mara moja tu, mfumo huo ungeweza kumaliza maamuzi kama hayo kwa maelfu. Kwa kuwa muda ni mdogo, haviangalii kila kitu, vinaangalia dalili kubwa tu: je, kuna nishati nyingi mahali fulani? Je, kuna muoni imepita? Kutoka mipishano milioni 40, inabaki kama laki moja. Hiyo laki moja inapelekwa ngazi ya pili, ambayo ni kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja. Hapo uchunguzi ni wa taratibu zaidi, kwa data kamili. Mwisho inabaki kama elfu moja kwa sekunde, na hiyo ndiyo inayoandikwa na kuhifadhiwa. Ni kama mpishano mmoja katika kila 40,000.

Na mingine? Imekwenda. Haipo kwenye pipa ambalo unaweza kurudi kulipekua. Imefutika moja kwa moja.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. "Shkamoo mwl. Upo?" Nilikuwa na sekunde mbili za kuamua. Niliamua, na jioni ile haitarudi tena.

*Jambo la kwanza: orodha huandikwa mapema*

Jiulize: kama uamuzi unatolewa kwa muda mfupi namna hiyo, nani anafikiri? Jibu ni kwamba wakati wa mgongano hakuna anayekaa kufikiri. Kazi hiyo imeshafanyika zamani. Wanasayansi hukaa wakajadiliana kwa miezi, wakapima, wakaandika orodha ya masharti wanayoiita menyu, yenye mamia ya vipengele: tukio likiwa na elektroni mbili zenye nishati kiasi hiki, tunza, likiwa na hiki na kile, tunza. Protoni zinapoanza kugongana, mashine inafuata tu kilichokwisha kuandikwa.

Ndugu yangu, mimi na wewe tuko hivyohivyo. Kishawishi kikija hakikupi nafasi ya kwenda kuuliza kwa paroko. Rafiki anakutumia picha chafu, kidole chako kina sekunde moja. Mtihani uko mezani, mwenzako anasogeza karatasi yake, una sekunde moja. Unakuta bosi amezidisha hela kwenye bahasha, sekunde moja. Katika sekunde hiyo hutakuwa mtakatifu kwa ghafla. Utafuata kilichokwisha kuandikwa ndani yako.

Mtazame Bwana wetu jangwani (Luka 4:1-13). Shetani anakuja mara tatu, na mara tatu Yesu anajibu kwa Maandiko yanayotoka katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria. Hakuomba muda akatafute mstari. Neno lilikuwa limeshakaa ndani yake tangu Nazareti, tangu sinagogi, tangu miguuni pa Mama yake. Njaa ilipomkuta, Neno lilikuwa tayari.

Ndiyo maana nakusihi usiidharau sala ya asubuhi, usiidharau Injili ya siku, hata dakika tano. Unaweza kuona kama hakuna kinachotokea. Kinachotokea ni kwamba menyu ya moyo wako inaandikwa. Na usipoiandika wewe pamoja na Mungu, wapo wengi wa kukuandikia: matangazo, wasanii, wanaokutumia video hadi saa nane usiku. Menyu yangu mimi, Jumatano ile, ilikuwa na sharti moja kubwa: chenye kelele, tunza. Kundi la kwaya lilikuwa na kelele. Kijana wa besi hakuwa nazo.

*Jambo la pili: wanatafuta hata kilichokosekana*

Hapa pana jambo lililonigusa kuliko yote. Kuna chembe zinaitwa nyutrino. Zinapita katikati ya kigunduzi chote kile, chuma na tani zake zote, na haziachi alama hata moja. Utajuaje kwamba imepita? Wanasayansi wanajumlisha mwendo wa chembe zote zilizoonekana upande huu na upande ule. Kwa kawaida pande zinapaswa kulingana. Wakiona upande mmoja umepungua, wanajua: hapa kuna kitu kimeondoka kimyakimya. Na triga imefundishwa kutunza matukio ya namna hiyo, matukio ambayo dalili yake kubwa ni upungufu. Hapohapo CERN, mwaka 1983, chembe iitwayo W iligunduliwa kwa dalili hiyo: elektroni moja imeonekana upande mmoja, na upande wa pili kuna pengo.

Kijana yule alikuwa hajafika mazoezini kwa wiki tatu. Kiti chake kwenye mstari wa besi kilikuwa wazi. Sote tulikaa karibu na kiti kile, tukaweka mikoba yetu juu yake. Hakuna aliyeuliza. Mimi niliyekuwa mlezi sikuuliza.

Wapendwa, katika jumuiya yenu ndogo ndogo, katika VIWAWA yenu, darasani kwenu, yupo aliyetoweka kimya. Alikuwa anasoma somo la pili Misa ya kwanza, siku hizi haonekani. Alikuwa anatia utani kwenye kundi, sasa anasoma tu na kupita. Mtu anayelia kwa sauti tutamsikia wote. Huyu wa kimya atatambuliwa na yule tu aliyezoea kuhesabu. Mchungaji katika Injili ya Luka (15:4-7) aliwezaje kujua kwamba kondoo mmoja hayupo, wakati tisini na tisa wako palepale wanalia na kusukumana? Aliwahesabu. Upendo unahesabu.

*Jambo la tatu: ukijaa, hupokei*

Mfumo huu wa CERN una udhaifu mmoja ambao wenyewe wanauchunga sana. Data zikija kwa wingi kuliko uwezo wa kuzisoma, kumbukumbu za muda hujaa. Zikijaa, mfumo unatuma ishara: nina kazi, msinipe kingine. Kwa muda huo mfupi triga inafungwa. Migongano inaendelea kama kawaida, lakini hakuna kinachopokelewa. Muda huo wanauita muda mfu. Hata kama tukio la karne lingetokea sekunde hiyo, lingepita bila kuonekana.

Wewe una muda mfu kiasi gani kwa siku? Jibu kati yako na Mungu. Unaamka, kabla hujafanya ishara ya msalaba umeshapitia hali za watu arobaini. Kwenye daladala, spika za masikioni. Jikoni, muziki. Chooni, simu. Usiku unalala na video inajicheza yenyewe. Halafu unakuja kuniambia, "Mwalimu, mbona Mungu haongei na mimi siku hizi?" Mpendwa, huenda anaongea. Nabii Eliya pale mlimani (1 Wafalme 19:11-13) alipitiwa na upepo mkali, tetemeko na moto, na Bwana alikuja baada ya hapo, katika sauti ndogo tulivu. Kama Eliya angekuwa amejaa upepo na tetemeko, angeikosa ile sauti.

Sisemi utupe simu. Yangu ninayo, na ndiyo ninayoandikia hapa. Ninasema acha nafasi. Dakika kumi mbele ya Ekaristi Takatifu, ukiwa hujashika chochote, ni dakika za kufungua mlango uliokuwa umejifunga kwa kujaa.

*Jambo la nne: usiiamini sana menyu yako*

Wanasayansi wale wana hofu moja ya haki. Je, kama masharti yetu ni mabaya? Je, kama kuna kitu kipya kabisa, ambacho hakifanani na tulivyowaza, kinapita kila siku na tunakitupa wenyewe? Hofu hiyo inawafanya waweke kinga. Pamoja na matukio waliyoyachagua, wanatunza pia kiasi kidogo cha matukio yaliyookotwa bila sharti lolote, kwa bahati tu. Wanayatumia kujikagua: triga yetu inatupa nini? Inafanya kazi sawasawa, au imetupofusha?

Somo letu la kwanza ndilo hilo. Nabii Samweli anafika Bethlehemu, nyumbani kwa Yese, kumpaka mafuta mfalme mpya. Yese anapitisha wanawe saba, warefu, wenye sura za kifalme. Mungu anawakataa wote. Samweli inambidi aulize kama hao ndio watoto wote. Kumbe kuna wa nane, mdogo wao, yuko porini na kondoo. Baba yake mzazi hakuona hata haja ya kumwita! Menyu ya Yese ilikuwa na sharti la umri na kimo, na kwa sharti hilo Daudi alishatupwa kabla Samweli hajafika. Mungu akamkumbusha nabii kwamba binadamu tunaishia kwenye sura, Yeye anaangalia moyo.

Mimi nilikuwa na sharti langu kuhusu yule kijana: "huyu huwa anaomba hela." Ni kweli alishawahi kuniomba, mara mbili. Kwa mara hizo mbili nikawa nimeshamwandikia maisha yake yote. Je, wewe umemwandikia nani? "Huyo ni mlevi." "Huyo dada anajisikia." "Mama yangu akipiga simu ni lawama tu." Siku mama anapiga kusema jambo jingine, hutapokea.

Jiwekee kinga kama ya wale wanasayansi. Mara moja kwa wiki sikiliza mtu bila sharti, yule ambaye usingemchagua. Msalimie mlinzi wa getini ukae naye kidogo. Jibu ile meseji uliyokwisha kuihukumu.

*Yaliyobaki yanahitaji uvumilivu*

Baada ya triga kazi haijaisha. Data zilizotunzwa hukaa, zikachunguzwa tena na tena kwa miezi na miaka. Chembe maarufu ya Higgs iliwazwa na wataalamu mwaka 1964. Inazaliwa kama mara moja tu katika migongano bilioni moja. Ilipotangazwa pale CERN tarehe 4 Julai 2012, Peter Higgs mwenyewe alikuwa ndani ya ukumbi, mzee wa miaka 83, akifuta machozi. Hakuna tukio moja ambalo lingetosha kusema "ndiyo hii". Matukio mengi yaliyotunzwa yaliwekwa pamoja, ndipo ukweli ukaonekana.

Na kinyume chake pia kilitokea. Desemba 2015, vigunduzi vyote viwili vilionyesha dalili ya chembe nyingine mpya. Wataalamu walichangamka, wakaandika mamia ya makala. Walipokusanya data zaidi, Agosti 2016 ile dalili ikawa imeyeyuka. Ilikuwa bahati tu ya namba.

Wewe unayetafuta wito wako, lishike hilo. Umeota ndoto moja ya upadre, usikimbilie kufunga begi. Umependa tabasamu la mtu wiki mbili, usiseme Mungu amenionyesha. Mtume Paulo kwa Wathesalonike anatupa njia ya katikati: Roho asizimwe, na papo hapo kila jambo lipimwe, kisha jema lishikwe kwa nguvu. Ukifuta kila dalili, unamzima Roho. Ukiamini kila dalili, hujapima.

Kanisa limetupa ngazi ya pili ya kuchunguza, na ni ya kila jioni. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliifundisha kwa hatua tano: mshukuru Mungu kwa siku ya leo, omba mwanga wa kuiona kama Yeye anavyoiona, ipitie siku saa kwa saa, omba msamaha, weka nia ya kesho. Dakika kumi tu. Yaliyopita mbio mchana, jioni yanakaa chini na kuonekana vizuri.

Bikira Maria ndiye mwalimu wetu hapa. Usiku ule wa Bethlehemu wachungaji walisimulia habari zao, na Luka anasema waliosikia wote walistaajabu. Wote! Ila kustaajabu ni kwa dakika moja, ni kama kubonyeza alama ya moyo kwenye picha halafu unapita. Maria peke yake ndiye anayetajwa kwamba aliyatunza yale yote, akayageuzageuza moyoni mwake. Hakuwa ameelewa kila kitu. Alitunza. Miaka thelathini na mitatu baadaye, chini ya msalaba, wengi walikuwa wamekimbia, yeye alikuwa bado amesimama.

*Mungu hana pipa la kutupia*

Sasa nisikuache na huzuni. Mfano huu wa CERN una mahali unapofika mwisho, na mwisho wake ni mzuri.

Triga inatupa kwa sababu uwezo wake ni mdogo. Na sisi hivyohivyo: hatuwezi kumjibu kila mtu, kusoma kila kitu, kubeba kila mzigo. Kuchagua si dhambi, ni ubinadamu wetu. Mungu hayuko hivyo. Yeye hajai. Mwenye zaburi anamwambia kwamba hata machozi yake ameyaweka akiba (Zaburi 56). Yesu, baada ya kuwalisha maelfu, aliwaagiza wanafunzi waokote hata vipande vilivyosalia, pasipotee kitu (Yohane 6:12). Kama makombo ya mkate yana thamani kwake, wewe je?

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kweli, na nakuomba uyashike yote mawili. Nafasi inaweza kupita isirudi. Mtu hapotei mbele za Mungu.

Nilikwenda kwenye Kitubio. Nilidhani padre ataniambia ni jambo dogo, meseji tu. Hakuniambia hivyo. Alinipa malipizi: mtafute. Basi. Nilichukua namba mpya kwa mama yake, nikapiga wiki tatu, haipatikani. Siku moja ikaita.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ile Jumatano uliniandikia. Niliiona meseji yako, nikaipuuza. Naomba unisamehe."

Akanyamaza. Kisha akacheka kidogo. "Mwalimu, mbona hayo yalishapita." Halafu akanyamaza tena, na safari hii nikamsikia anavuta pumzi. Nami sikusema kitu. Tukakaa hivyo kwenye simu, salio linakatika, na nadhani ndiyo mazungumzo ya kweli zaidi niliyowahi kuwa nayo naye.

Shuleni hajarudi. Ningependa kukuandikia kwamba amerudi, ila hajarudi, na ule mwaka siwezi kumrudishia. Kila Jumapili jioni tunapigiana simu. Wiki iliyopita aliniuliza utaratibu wa kujiandikisha mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sijui itakuwaje. Ninachojua ni kwamba sasa simu yake ikiita, hata nikiwa katikati ya mabishano ya vitenge, napokea.

*Zoezi la wiki hii*

Fungua simu yako sasa hivi, kabla hujafunga ukurasa huu. Shuka chini, mbali kidogo, mpaka uwakute wale uliowasoma bila kuwajibu. Mchague mmoja, yule uliyemhukumu kabla hujamsikiliza. Mwandikie: "Nipo."

Halafu leo usiku, kabla ya kulala, pitia siku yako kwa zile hatua tano.

Tusali.

Ee Bwana Yesu, Wewe uliyemwona Bartimayo kando ya njia wakati wengine wanamnyamazisha, utuandikie moyoni orodha yako. Utufundishe kumwona aliye kimya na kuhesabu viti vilivyo wazi. Utusamehe nafasi tulizozitupa, na wale tuliowapuuza uwashike Wewe mpaka tutakapowafikia. Mama Maria, uliyetunza yote moyoni, utuombee. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo! Tukutane wiki ijayo.